Vidonge vya Watasema

Jumatatu, 26 Mei 1975

Nimempaka Watasema oili chafu tena. Wiki ya tatu hii. Salum ameniletea kopo jingine kutoka gereji yake, akaliweka chini mbali na mbwa kisha akarudi nyuma, maana mate ya mbwa yakimgusa itabidi ajitoharishe upya. Anasema lori lake la Mbeya linatoa oili ya kuwatosha mbwa wote wa Ufipa. Hapa Malangali kila mtu anajua dawa ya upele wa mbwa ni oili chafu. Lakini manyoya hayaoti. Mkia umebaki mtupu, na ubavuni pameanza kuonekana ngozi nyeusi. Halafu hajikuni. Upele gani huu usiowasha?

Kidonge changu nimekimeza kabla ya chai. Kimoja kila asubuhi, mwaka wa sita sasa tangu nikatwe rovu, ule uvimbe wa tezi la shingoni.

Madaftari ya Darasa la Tatu bado sijasahihisha. Upepo wa leo ni wa kukata masikio.

Alhamisi, 29 Mei

Mdomo wake unanuka mpaka jikoni. Nimempa mfupa, ameubeba hadi kwenye jiko la mkaa, ameulamba kidogo, akauacha. Nilipomfungua mdomo alinguruma. Hajawahi kuningurumia. Meno ya nyuma yamefunikwa ukoga mgumu wa rangi ya kahawa, na fizi zinatoa damu.

Mama jirani amepita akacheka. Eti mbwa wa mwalimu anakula mshahara, ona alivyonona. Nimemjibu kwamba anakula kidogo kuliko kuku wake. Hakuniamini. Hata mimi ningejiona mwongo, maana mbwa ni mnene kweli na sahani yake haiishi.

Jumamosi, 31 Mei

Amekuja bwana mifugo, Ndugu Wenseslaus. Alikuwa njiani kwenda kuchanja ng'ombe, nikamwita. Kwanza amenifokea kuhusu oili. Ngozi imeungua, mbwa anailamba, namlisha sumu kwa mikono yangu mwenyewe. Kufokewa mbele ya jirani si jambo dogo kwa mwalimu, lakini alikuwa na haki.

Halafu akamchunguza bila haraka. Akahesabu mapigo ya moyo kwa saa yake. Akavuta ngozi ya uso, ambayo imekuwa nene na kulegea, ndiyo maana anaonekana mwenye huzuni wakati wote. Akauliza. Analala sana? Anatafuta moto? Ananenepa bila kula? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akanitazama shingoni, kwenye kovu.

"Mwalimu, huyu ana ugonjwa wako. Wewe tezi lako walilikata. La kwake limejifia lenyewe."

Kisha mdomo. Gego kubwa la juu, upande wa kushoto, limepasuka na mzizi umejaa usaha. Mengine manne yanacheza. Yote yang'olewe. Lakini mbwa hang'olewi meno akiwa macho, lazima apigwe sindano ya usingizi. Na mbwa ambaye tezi lake halifanyi kazi, moyo ukienda polepole na mwili ukiwa baridi namna hii, akilazwa kwa sindano huenda asiamke. Kwanza tezi litibiwe, kama wiki sita. Meno baadaye.

Nimeuliza kipimo. Hakuna, hata Mbeya hakuna cha mbwa. Kipimo ni dawa yenyewe: akipewa akachangamka, basi ndiyo ugonjwa. Nimeuliza dawa. Hakuna ya mbwa nchi hii. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anafunga mkoba wake, hakunitazama.

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri.

Nikiandika hapa siandikii mtu, kwa hiyo niandike ukweli. Huyu mbwa si wangu. Ni wa mama. Mama ndiye aliyemwita Watasema, kwa ajili ya majirani fulani waliokuwa wakimsema, ili kila akimwita mbwa wake nao wasikie.

Mwaka jana walimu tulitumwa kuhimiza watu wahamie vijiji vya Ujamaa. Kwetu nilipelekwa mimi, kwa sababu ni kwetu. Nilisimama shambani, juu ya tuta la ulezi, nikahutubia wazee walionifundisha kutembea. Mama alikuwa na shaka juu ya maji ya huko. Nilimwambia mbele ya watu kwamba maji yatakuja kwa bomba. Alihama Septemba. Novemba akaugua tumbo la kuharisha, siku nne, akafa. Bomba lilikuwa halijafika.

Siku ya kuhama mbwa alikataa kupanda lori. Baada ya mazishi nikaenda kumtafuta. Alikuwa amelala mlangoni kwa nyumba isiyokuwa na paa tena. Nilimbeba.

Leo nimekata kidonge kwa wembe. Robo tatu yangu, robo yake. Yeye ni mdogo kuliko mimi, robo inamtosha. Nimeificha ndani ya tonge la ugali.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya kumi. Hakuna badiliko. Analala karibu na jiko tangu asubuhi mpaka nirudi. Amejichoma nyonga kwa kaa la moto na hakusogea.

Nimeongeza. Nusu yake, nusu yangu.

Salum anakwenda Mbeya kesho. Nimemwandikia jina la dawa kwenye karatasi, aulize kwenye maduka ya dawa. Amelisoma herufi kwa herufi, akauliza kama ni la Kijerumani.

Jumatatu, 16 Juni

Salum amerudi. Mbeya hakuna. Duka moja walimwambia dawa hiyo haiuzwi hivi hivi, hutolewa hospitali kwa jina la mgonjwa na cheti cha daktari. Wakamuuliza mgonjwa ni nani. Anasema alitaka kusema ni Watasema, akaona watamfukuza. Alicheka peke yake, mimi sikuweza.

Mdomo unazidi. Anakula uji tu, na kwa upande mmoja. Namsukutua kwa maji ya chumvi kwa bomba la sindano alilonipa Wenseslaus. Analia.

Ijumaa, 20 Juni

Wenseslaus alipita. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza jambo la mbali: ikitokea mtu ana dawa ya binadamu, mbwa wa ukubwa huu angepewa kiasi gani? Nilitegemea aseme robo, au nusu.

Amesema vitatu kwa siku.

Nikasema hajanielewa, mimi mwenyewe na kilo zangu sitini na kitu nameza kimoja. Akasema amenielewa vizuri. Mwili wa mbwa unaichoma dawa hii upesi mno na kutoa nje nyingi. Kipimo cha mtu hakimfai mbwa, na kipimo cha mbwa kingemuua mtu. Hiyo nusu, alisema, ni kama kumwagia shamba zima kikombe kimoja cha maji. Kwa hiyo alijua. Nilijisikia mjinga. Wiki tatu nimejinyima bure na yeye hakupata kitu.

Akiwa mlangoni ameniambia polepole, "Mwalimu, usifanye hivyo. Yule ni mbwa."

Nimemwitikia.

Jumatano, 25 Juni

Hesabu haiondoki kichwani. Jumanne ijayo napata vidonge vya miezi mitatu kwa mdogo wangu Yustina. Tisini. Vitatu kwa siku ni siku thelathini. Wenseslaus anataka wiki sita, mimi nina siku thelathini, tena ikiwa mimi sitameza hata kimoja.

Nilishawahi kukaa bila dawa, mwaka ule barabara ya Tunduma ilipokatika kwa mvua. Wiki tatu. Nilipata baridi na uvivu, sikufa.

Jumanne, 1 Julai

Yustina amenipa vidonge. Mdogo wangu huyu ni muuguzi, anachukua dawa yangu hospitali kwa cheti changu na kuniletea nyumbani, haniachi nipange foleni. Ameniuliza naendeleaje. Nikasema vizuri. Ameuliza mbona sauti imekwaruza. Nikasema chaki.

Alipotoka nimempa Watasema vitatu katika matonge matatu. Alimeza vyote.

Mimi sikumeza. Sijutii. Nimeandika sijutii, basi na ibaki hivyo.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Tuliandamana na watoto mpaka uwanjani. Miguu yangu ilikuwa mizito, nikabaki nyuma na watoto wa Darasa la Kwanza. Nilivaa sweta mbili chini ya koti na bado meno yaligongana. Watu wote walikuwa wanaona baridi, ni Julai ya Ufipa. Si lazima iwe ugonjwa.

Nilipofika nyumbani Watasema alikuwa amesimama. Si karibu na jiko. Uani, kwenye jua.

Jumapili, 13 Julai

Amebweka. Alimbwekea mbuzi wa jirani, kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Halafu akanifuata hadi kisimani, akarudi mbele yangu. Kwenye mkia pameota manyoya laini, mafupi. Nimeyapapasa muda mrefu. Nilitamani mama ayaone.

Lakini chini ya jicho la kushoto pamevimba, na leo mchana pamepasuka. Usaha umetoka njia ile badala ya mdomoni. Nimemtuma mtu kwa Wenseslaus. Amekuja na sindano ya penisilini. Anasema mzizi wa gego unafika pale pale chini ya jicho, na usaha umejitafutia njia. Penisilini itautuliza tu, jino likibaki utarudi na kuingia kwenye damu.

Kisha akahesabu mapigo. Akahesabu tena. Akanitazama, akaona sweta, akaona uso wangu. Akauliza tu kama nameza dawa yangu. Nimesema ndiyo.

Ni mara ya pili mwezi huu kumdanganya mtu aliyekuja kunisaidia. Niliona haya.

Ijumaa, 18 Julai

Nimesahau jina la mtoto. Anakaa dawati la mbele tangu Januari, nimemfundisha kuandika. Nilimnyooshea kidole na jina halikuja. Watoto walidhani nimekasirika, wakanyamaza wote.

Baada ya mapumziko niliwapa hesabu, nikaketi. Nilipoinua kichwa kengele ilikuwa imeshalia na darasa lilikuwa tupu. Walitoka bila kuniamsha. Mwalimu mkuu ameniita. Alikuwa mpole na hilo limenikera zaidi. Kasema nichukue siku mbili.

Uso umevimba asubuhi. Pete haitoki.

Najua ni nini. Mimi si mtoto.

Jumatatu, 21 Julai

Wenseslaus amempima Watasema. Moyo unakwenda vizuri, mwili una joto. Anasema mbwa hawezi kungoja wiki sita kwa usaha ule. Jumamosi atang'oa. Ataazima koleo la meno na sindano ya usingizi ofisini kwao.

Amenipa masharti na kunifanya niyarudie. Niandae chupa sita za maji ya moto na mablanketi, maana mbwa huyu akipoa atakwisha. Meza iwekwe uani kwenye jua. Na tangu Ijumaa jioni asile kitu chochote, hata tonge, kwa sababu akilazwa huku tumboni kuna chakula atatapika na kitaingia kwenye mapafu. Nimeyarudia yote matatu kama mwanafunzi.

Siku tano tu. Baadaye nitaanza kumeza.

Jumatano, 23 Julai

Baridi. Sikwenda kazini. Nililala.

Alhamisi, 24 Julai

Watasema ananiamsha kwa pua. Zamani mimi ndiye niliyemwamsha.

Nimesahau kama nilikwisha kumpa vya leo. Nimehesabu kwenye kikopo, mara ya kwanza ishirini, mara ya pili kumi na nane. Nimeacha.

Ijumaa, 25 Julai

Chupa zimekaa mezani, sita. Mablanketi mawili, moja la mama. Jioni sikumpa chakula. Alikaa mbele ya sahani akinitazama. Nimegeuka.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika polepole. Nataka niandike kama ilivyokuwa.

Wenseslaus alikuja saa tatu. Jua zuri, upepo kidogo. Salum alikuja pia, kasema anapita tu, akasimama kwenye uzio. Tulimlaza Watasema juu ya meza yangu, ile ninayosahihishia madaftari. Nilimshika kichwa. Sindano ikaingia mguuni na akalegea mikononi mwangu. Chupa tatu kila upande.

Gego kubwa lilichukua muda. Wenseslaus alilipasua vipande kwanza, maana lina mizizi mitatu, kisha akang'oa kimoja kimoja. Harufu ilimfanya Salum ageuke. Yale manne yaliyokuwa yanacheza yalitoka kwa vidole. Alikuwa anakwangua ukoga upande wa pili, anapiga mluzi, mambo yanakwenda, mara tumbo la mbwa likaruka. Likaruka tena. Kikatoka kitu cheupe.

Ugali.

Wenseslaus alinitazama mara moja tu. Kisha akamshika miguu ya nyuma, akamwinua kichwa chini, akaniamuru nimfungue mdomo na kutoa kwa kidole. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nasikia anachosema, mkono haukuja. Aliniita jina, si Mwalimu, jina langu la ubatizo, na mkono haukuja. Ni Salum aliyeruka uzio. Alitia vidole vyake kooni mwa mbwa mpaka kwenye kifundo cha mkono, akatoa tonge, akatoa jingine. Ulimi ulikuwa wa buluu. Wenseslaus akamtikisa, akampiga ubavuni, akamtikisa tena. Sijui ni muda gani. Watasema akakohoa.

Matonge yalikuwa matatu. Asubuhi niliamka, nikawasha jiko, nikasonga ugali mdogo, nikachukua kikopo, nikatia vidonge vitatu katika matonge matatu na kumlisha, kama kila siku. Sikukumbuka hata kidogo. Hadi nilipouona ugali juu ya meza sikukumbuka.

Salum aliosha mkono kwa maji na udongo, mara saba. Halafu akaniletea kiti.

Wenseslaus alikaa hadi mbwa alipoinua kichwa. Ndipo akaniuliza, mbele ya Salum, tangu lini sijameza. Nilimwambia. Hakufoka. Alichukua baiskeli yake akaenda kumwita Yustina.

Jumapili, 27 Julai

Yustina amelala hapa. Amenipima, amebonyeza miguu yangu na alama ya kidole imebaki. Alilia kwa hasira. Anasema amewaona watu wa namna hii wakiletwa hospitali wakiwa baridi, hawajibu wakiitwa, na wengine hawakurudi nyumbani.

Nilijaribu kumweleza. Maneno yalikuja ovyo ovyo. Nilisema mama, nikasema bomba, nikasema mbwa alikuwa mlangoni. Alinikatiza.

"Dada, mama aliumwa. Hata ungekaa kimya siku ile, magari yangekuja vile vile."

Nimemwambia kwamba magari yangekuja, lakini maneno yasingekuwa yangu. Aliendelea kunisugua miguu.

Vidonge vilivyobaki ni kumi na viwili. Amevitia mfukoni mwake. Kimoja nimemeza mbele yake, akaniambia nifungue mdomo aone.

Jumanne, 29 Julai

Wenseslaus kamtazama Watasema. Mapafu yanakoroma kidogo, ameongeza penisilini. Mashimo ya meno ni safi. Uvimbe wa jicho umeshuka.

Nimemuuliza itakuwaje kuhusu tezi. Amevua kofia. Meno yamekwisha, alisema, lakini tezi halina mwisho, ni dawa kila siku mpaka mwisho wa maisha yake, kama mimi. Bila hiyo atarudi alikokuwa. Wiki chache. Hatapata maumivu. Atapoa tu, pole pole.

Yustina alikuwa jikoni, alisikia. Alikuja mlangoni akasema ameomba hospitali vidonge vya kunifikisha mwisho wa Septemba, wamempa kwa shida na kwa jina langu. Nimemwambia sitamwomba vya mbwa.

Nilitaka kumwomba. Naandika hapa ili nisijifanye mwema.

Jumapili, 3 Agosti

Watasema amekula mfupa. Mfupa halisi, wa ng'ombe, kwa upande wa kulia, akauvunja. Mdomo haunuki. Nimeukaribia kabisa nikanusa, mama jirani akaniona akacheka mpaka akashika kiuno.

Naanza kusikia joto miguuni.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi kazini wiki nzima. Yule mtoto wa dawati la mbele anaitwa Oktavian. Nimemwita mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Salum alipitia na oili, kwa mazoea. Akakumbuka, akaondoka nalo kopo lake. Alisimama kwanza, akamwita mbwa kwa jina. Watasema alimkimbilia hadi kwenye uzio na Salum hakurudi nyuma. Nilimshukuru tena. Akasema nisimshukuru, vidole vyake bado vina alama za meno.

Wenseslaus aliniuliza kama nataka afanye jambo jingine, kabla mbwa hajapoa kabisa. Sindano moja, ya usingizi ule ule, ila nyingi. Alisema ni huruma pia. Nimefikiri siku mbili. Nimekataa. Anakula, anabweka, mdomo haumwumi. Siku hizi nimezilipia, na nataka azitumie zote.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya misa tulitembea, mimi na yeye, njia ya Kaoze mpaka pale bonde la Rukwa linapoonekana. Alikwenda mbele. Alifukuza kanga, hakuwapata. Alirudi ulimi nje, akanitazama kama aliyeniuliza mbona sikimbii. Nilijaribu. Tulikimbia mpaka kwenye kichuguu, sote wazee.

Nilifurahi. Sijaandika neno hilo tangu mwaka jana.

Jumatano, 3 Septemba

Yustina haji tena kila asubuhi. Ananiamini. Ananiachia vya wiki moja moja.

Asubuhi nameza. Watasema huja kuketi mbele yangu nikisonga ugali. Nampa tonge, tupu. Analimeza bila kutafuna, anatikisa mkia. Haoni tofauti. Mimi naiona.

Mara moja nilikiweka kidonge juu ya ugali. Kikakaa pale. Nikakitoa, nikakimeza kwa chai, nikaenda kazini. Njia nzima nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Jumamosi, 13 Septemba

Hakuna shule. Nimesahihisha madaftari uani, hewa imeanza kuwa na joto, watu wanachoma majani mashambani na moshi unafika hadi hapa.

Manyoya ya mkia yamekamilika, mazuri, meusi.

Saa tano Watasema alilala juani karibu na meza. Nilimwita. Alifungua macho, akanitazama, hakuinuka.

Sikumwita mara ya pili. Nilichukua blanketi nikamfunika, nikaendelea na madaftari.